Mkebe Usio na Mwenyewe

Kilabuni kwangu wamekufa wanaume, na wote wamekufa kwa ajili ya nyimbo. Wanawake, ng'ombe na wivu huleta ngumi tu, na ngumi huisha, watu wakafuta damu puani wakaagiza kopo jingine. Lakini mpigie mtu wa Siafu wimbo wa Mvua ya Mawe, naye ameketi na blanketi lake la kahawia mabegani, uone kama utafika mlangoni.

Hivi ni vikundi vya waimbaji, jamani. Si majeshi. Walianza na kodiani na ngoma, wakatambiana, wakatukaniana mama, mmoja akapigwa risasi akitoka harusini, akalipiziwa kisasi, na tangu hapo kila wimbo mpya una maiti ndani yake. Siafu huvaa kahawia, Mvua ya Mawe kijani. Anayetaka kuishi huvaa rangi nyingine na kuangalia mabega ya watu kabla hajafungua mdomo. Hata mpiga kodiani akija kwangu, kwanza hutembeza macho chumba kizima, ajue nani ameketi wapi, ndipo aguse chombo chake. Watoto wa hapa hujua hilo kabla hawajaota meno ya pili.

Binti mmoja, Likeleko, hakulijua, au alilijua kama sisi watu wa milimani tunavyojua kuna bahari. Hakuwahi kukanyaga kilabuni. Alikulia kwenye kibanda cha marehemu baba yake pale stendi, akifungua redio za watu na kuzifunga, na baba alipokufa alimwachia kibanda pamoja na hasira zake. Mteja mmoja aliyemshika kiuno alitoka pale na alama ya chuma cha kulehemea kwenye kiganja, anayo mpaka leo. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Khopolo, aliyechunga ng'ombe wa mjomba wao kule juu kwenye mazizi ya mlimani, ambako baridi huua ndama na chaji ya simu haimalizi siku mbili. Khopolo hakuwa na kikundi. Blanketi lake lilikuwa la bluu, lililotoboka, na alichokitaka duniani ni muziki.

"Dada, nitengenezee kitu cha kuimba kisichokufa," alimwambia siku moja aliposhuka kuchukua unga. "Kule juu nasikia ng'ombe wakicheua mpaka naanza kuwajibu."

"Na wao wanakuelewa?"

"Kuliko wewe."

Basi akaanza. Cha kwanza kiliungua. Cha pili kiligandishwa na theluji betri ikavimba, kwa hiyo cha tatu akakiviringisha sufu ya kondoo kwa ndani. Akakipa kipande cha sola cha kushona juu ya kofia, na spika iliyotolewa kwenye redio mbovu. Kasha lilikuwa mkebe wa samaki, ule wa mviringo, kwa sababu haupondeki ng'ombe akiukanyaga na kwa sababu hauuzwi, unaokotwa. Alitaka bei isizidi kuku mmoja wa mayai, na hakupumzika mpaka ikafika hapo.

Programu ya ndani hakuiandika peke yake. Kuna programu, aliniambia, ambazo watu huziandika na kuziacha wazi kwenye intaneti, kila mtu aone ndani, achukue, arekebishe, arudishe. Alichukua moja ya hizo, akaipunguza mpaka ikaenea kwenye bodi ya bei ya chini kabisa. Alipokwama kwenye betri, mtu wa Brazili asiyemjua hata sura alimrekebishia. Naye akarudisha kila alichobuni, pamoja na mchoro, wachukue wanaotaka. Nilimwambia yeye ni mjinga, angeuza.

"Mama Mphonyane, kupika pombe ulifundishwa na nani?"

"Na bibi yangu."

"Ulimlipa?"

Nikamwambia aniondolee maswali yake hapa.

Mkebe ulikuwa na kitufe kimoja tu, kikubwa kama kizibo cha soda. Vidole vilivyoganda haviwezi kuchagua, alisema, na kila kitufe kinaongeza bei. Ukibonyeza, mkebe hujichagulia wimbo wowote uliomo kwenye kadi. Ukibonyeza tena, mwingine. Ukikikandamiza bila kuachia, sauti inapanda. Khopolo alifurahi kama mtoto, kwa kuwa kwa mtu aliye peke yake na ng'ombe, raha ni kutojua kinachokuja. Wachungaji wenzake wakaja kutaka yao, na kwa muda mfupi milima yote ikawa inaimba. Angeniuliza mimi, ningemwambia: binti, mtu asiyeweza kuchagua wimbo wake asishuke mlimani.

Khopolo alishuka Jumamosi. Bendera yangu nyeupe, ya kutangaza kwamba pombe imeiva, ilikuwa juu, na ndani walijaa Siafu, na Ramaisa mwenyewe, mwimbaji wao mkuu, alikaa penye jua la mlangoni. Vijana wake waliuona mkebe shingoni mwa Khopolo.

"We mchungaji, umevaa chakula cha mchana?"

"Unaimba huu."

"Samaki anaimba? Hebu tumsikie."

Akabonyeza. Ukatoka wimbo wa kanisa, wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Akabonyeza tena, ukatoka ule wa akina bibi wa kucheza kwa magoti, na Ramaisa mwenyewe akatikisa mabega. Wakamwambia aendelee. Wimbo wa tatu ulikuwa wa Mvua ya Mawe, ule unaomcheka ndugu yake Ramaisa kwamba alikufa amejikojolea suruali.

Khopolo alijua mara moja. Alikishika kitufe aupitishe wimbo ule, lakini kidole kilimganda pale kwa hofu, hakikuachia, na sauti ikapanda. Ikapanda tena. Chumba kizima kikasikia habari za suruali ya marehemu kwa sauti ya kutosha harusi.

Fimbo ya kwanza ilimpata tayani, nikasikia mfupa. Aliporudi nyuma mwingine akampiga mtama, akaanguka kwenye mitungi yangu, na pale chini wakampiga wote kwa pamoja, kimya kimya, kama watu wanaotwanga. Nilishika sufuria ya togwa iliyokuwa ikichemka nikawamwagia miguuni. Waliruka na kupiga kelele, nami nikamburuta Khopolo kwa mguu mmoja mpaka uani. Hiyo ndiyo sababu hakufa siku ile. Sikuwaomba radhi na sitawaomba.

Jumatatu nilimpelekea supu kibandani kwa dada yake, alikolazwa nyuma ya pazia, taya limefungwa kitambaa. Nilikuwa bado nimeshika bakuli Ramaisa alipoingia. Aliweka bastola mezani, katikati ya skrubu, akaketi bila kukaribishwa.

"Dada, kitu hiki ni cha nani?"

"Cha wachungaji."

"Sijakuuliza nani anakivaa. Mwenyewe nani? Mvua ya Mawe wamekupa nini?"

"Hakina mwenyewe, baba. Mchoro uko wazi, programu iko wazi. Hata wewe chukua, utengeneze chako."

Ramaisa alicheka polepole. "Nimeishi, dada. Kitu kisicho na mwenyewe ni cha adui yangu, ni vile tu hajajitaja. Sasa sikiliza. Mikebe yote iimbe sisi. Sisi tu. Wengine wote iwakatae."

"Hata nikifunga, yeyote anaweza kufungua. Ndivyo ilivyo."

"Atakayefungua nitazungumza naye. Wewe funga. Jumamosi vijana wangu watapita mazizini wakibonyeza mkebe mmoja mmoja. Wakisikia kingine, huyo aliye nyuma ya pazia sitarudia taya. Nitavunja shingo."

Nilimwona Likeleko akishika chuma cha kulehemea. Kilikuwa cha moto, moshi ulitoka, na uso wa Ramaisa ulikuwa karibu kabisa. Niliomba Mungu binti amchome, na niliomba asimchome. Nyuma ya pazia Khopolo akakohoa, akatema kitu kwenye beseni. Likeleko akakirudisha chuma mahali pake.

"Jumamosi," akasema.

Alifanya kazi ile akitukana tangu asubuhi mpaka jioni. Aliandika kufuli ndani ya programu, mkebe usome nyimbo za Siafu peke yake, na wachungaji waliposhuka kuchukua chumvi na unga aliwabadilishia mmoja mmoja. Wengine walilalamika kuhusu nyimbo zao za kanisa. Aliwaambia wanyamaze walete mikebe.

"Nimefunga kitu cha watu," aliniambia. "Yule wa Brazili akiona atanitemea mate."

"Atakutemea akiwa Brazili," nikamwambia. "Ramaisa yuko hapa barabarani."

Mkebe wa kwanza kuubadilisha ulikuwa wa Khopolo. Aliufunga kwa mikono yake, akamvalisha shingoni, akamkaza blanketi la bluu kifuani. Khopolo hakuweza kusema, lakini ng'ombe walikuwa na mtu wa kuazima asiyewajua, na mjomba alikuwa akipiga simu kutwa. Siku mbili kabla ya Jumamosi ile akapanda mlimani na mzee Lefa, mchungaji mwenzake, ambaye hajawahi kununua mkebe kwa sababu ni kiziwi nusu.

Njia ya mazizini inapita kijiji cha Ha Mokherane, na Ha Mokherane ni kijani tupu, Mvua ya Mawe watupu. Haya aliyasimulia Lefa, aliyewekwa chini na kukanyagwa shingo ili atazame.

"Huo mkebe unaimba nini?" waliuliza.

Khopolo akatikisa kichwa.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Ramaisa akaimba. Wakamwambia abonyeze tena, na Ramaisa akaimba tena. Mkebe ule, kabla haujafungwa, ungeweza kuwapa wimbo wa kanisa, au akina bibi na magoti yao, au wimbo wao wenyewe, wakapata la kucheka. Sasa walibonyeza wao, mara nyingi, wakibadilishana zamu, na kila walipobonyeza walitukanwa. Kiongozi wao hakuwa mtu mbaya kabisa, alisema Lefa. Alimpa nafasi.

"Basi tuimbie wetu kwa mdomo wako. Mmoja tu, kijana. Imba uende."

Khopolo alijaribu. Kitambaa kilikuwa kimekazwa tangu kidevuni mpaka utosini, na chini ya kitambaa mfupa haujaunga. Alitoa sauti kama ya ndama. Wakadhani anawadhihaki. Walimpiga kwa fimbo za mpingo mpaka fimbo mbili zikavunjika, kisha mmoja akamaliza kwa kisu, na mkebe kifuani mwake ukaendelea kuimba Siafu mpaka wakaupondaponda kwa jiwe.

Likeleko alipoletewa habari hakulia. Alikwenda kibandani akavunja kila mkebe uliokuwamo, kwa nyundo, akaikata mikono yake kwa bati, nami nilisimama mlangoni nikamwacha avunje.

Siku ya mazishi Siafu walikuja. Walikuja wote, kahawia barabara nzima, na kodiani mbele, na Ramaisa akibeba blanketi jipya la kahawia, la bei. Aliliweka juu ya jeneza kabla mtu hajamzuia.

"Kijana wetu," akasema kwa sauti ya jukwaani, "amekufa na nyimbo zetu kifuani. Damu yake ni yetu. Tutaimba jina lake mpaka Ha Mokherane ilie."

Mjomba Sekhobe, mzee wa watu, mwoga kama sisi sote, alianza kumshukuru. Likeleko alipita katikati yao, akalivuta blanketi lile, akalitupa matopeni akalikanyaga. Kijana mmoja wa Siafu akampiga fimbo ya mdomo. Alianguka kwenye udongo wa kaburi, akainuka, meno yamejaa damu.

"Hakuwa wako," akamwambia Ramaisa. "Hakuwa wa mtu. Wimbo mmoja ungemwokoa, akashindwa kuuimba, kwa sababu taya ulilivunja wewe na mkebe niliufunga mimi. Mengine yote uongo. Mzikeni."

Tukamzika na bluu yake. Watu walipita mmoja mmoja wakitupa udongo kwa mkono, na Ramaisa naye akatupa, maana kamera za simu zilikuwa juu. Kisha tukarudi nyumbani kula.

Langoni lilikuwapo beseni la maji yenye mshubiri. Kwetu mtu haingii uani kutoka makaburini bila kunawa maji hayo. Asiponawa, kifo anakwenda nacho kwake, kwa mkewe na kwa wanawe. Hata muuaji hanyimwi. Sijawahi kuona mtu akinyimwa. Ndugu walinawa, majirani tulinawa, Lefa akanawa. Ramaisa akakunja mikono ya shati, akainama.

Likeleko akalishika beseni kwa viganja vyake vilivyokatwa, akaligeuza. Maji yote yakamwagika kwenye viatu vya Ramaisa.

Vijana wa Siafu walikuwa nyuma yake kwenye mstari, kila mmoja na udongo wa Khopolo vidoleni, wakimtazama mkubwa wao. Mmoja alishika kiuno penye bastola, akaiacha. Ramaisa akainuka, akajifuta mikono kwenye blanketi lake mwenyewe, mbele yao wote, na alipogeuka kuondoka vijana walimpisha njia pana kuliko alivyohitaji, asije akawagusa.

Likeleko aliliweka beseni kando. Akaingia uani kuwapakulia watu nyama.