Wapagazi Thelathini wa Trei ya Tatu

Mimi si mtu wa kuuziwa hadithi kirahisi. Nikiambiwa hii ni kilo moja, naomba ipimwe kwenye mizani nyingine. Nikirudishiwa chenji naihesabu mbele ya aliyenipa, halafu naihesabu tena nikishageuka. Kwa hiyo ninaposema jambo hili lilinitokea, ujue nimeshalipekua kila upande nikitafuta pa kulikatalia, nimekosa. Lilitokea Kizota, hapa Dodoma, kwenye kibanda changu cha kazi, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Usiku haukuhusika. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi, basi. Homa? Nesi alinipima kesho yake, mara mbili, kwa sababu kipimo cha kwanza sikukiamini.

Kazi yangu ni kuandika maandishi kwenye malori na mabango. Lakini nina uraibu mmoja ambao mke wangu ameuzoea kama mtu anavyomzoea jogoo wa jirani: napaka rangi wanajeshi wadogo. Ni sanamu za plastiki, kila moja haifiki nusu ya kidole, na tunazipanga mezani kupigana upya vita vya zamani. Tuko watatu. Mwalimu Yona, mstaafu aliyefundisha historia, ndiye mwenye meza. Iko barazani kwake, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, ubao mpana uliomwagiwa mchanga na kuchomekwa vijiti vya miiba badala ya miti. Dada Rehema, nesi, mtu wa Kondoa, ana ulimi unaochoma kuliko sindano zake. Wa tatu mimi. Tunacheza vita vya Mjerumani na Mwingereza vilivyopita huku kwetu. Dadu zinaamua nani kapigwa, na kanuni za Mwalimu zinaamua yaliyobaki.

Kanuni hizo ndizo zilizoniponza. Kila sanamu ina pointi zake. Askari mwenye bunduki, pointi tano. Mzinga, thelathini. Mpagazi, yule wa kubeba mizigo ya jeshi kichwani, sifuri.

Sifuri! Na mimi nilikuwa nao thelathini. Mgeni mmoja aliyekuwa anahama Dodoma aliniuzia askari sitini, nikamkaba kwenye bei mpaka akaniongezea wapagazi thelathini bure ili nimwache akapande basi. Jeshi langu nalihifadhi kwenye trei za mayai, kwa kuwa trei moja ina vishimo thelathini na haidanganyi mtu: kishimo kikiwa kitupu, kuna aliyepotea. Trei mbili za askari. Trei ya tatu, watu thelathini wasio na thamani yoyote, wananitazama.

Sasa, Mwalimu alikuwa ameshanipiga mara nne mfululizo. Jumapili baada ya ibada tungepigana mara ya tano, na Rehema alikuwa ameanza kuniita Kamanda Pole. Wewe ungefanya nini? Mimi nilichukua wembe. Nikawakata wapagazi mizigo yao vichwani, mmoja mmoja, nikawabandika bunduki za waya wa simu, nikawapaka kaki. Niliwapandisha cheo, na hakuna aliyelalamika. Kisha nikawachanganya na askari wa kweli katika trei zote tatu ili Mwalimu asigundue. Mimi mwenyewe nisije nikasahau, nikaweka nukta nyeupe chini ya kitako cha kila mmoja. Vile vimizigo nilivifagia nje pamoja na vumbi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Saa saba mchana Kizota hupoa. Mafundi wanakula, mashine zinanyamaza, hata mbwa wanaingia chini ya malori. Nilikuwa nahesabu trei kwa mara ya pili nilipoona mlango umefanya kivuli.

"Mbukwa," sauti ikasema, salamu ya Kigogo. "Nitue."

Alikuwa mwanamume mwenye kaniki kiunoni, miguu mitupu, na kichwani mzigo uliofungwa mkeka na kamba za magome. Shingo ilikuwa imezama mabegani kama msumari uliopigwa ukapitiliza. Mtu akikuomba umtue mzigo humuulizi kitambulisho. Nikainuka, nikashika upande wangu.

Niamini, nusura univute chini. Nimewahi kusaidia kushusha injini ya lori, na tulikuwa wanne. Ule mzigo ulikuwa mzito kuliko injini, na aliubeba mtu mmoja mwembamba. Ulipogusa sakafu, makopo yangu yote ya rangi yaligongana kwenye rafu.

"Shikamoo," nikasema nikihema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamtazama vizuri. Uso ule haukuzidi miaka thelathini na mitano. Mimi nina mvi. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu hilo la ujukuu, lakini alikuwa ameshainama juu ya trei zangu.

Hakugusa hovyo. Alipitisha kidole juu ya sanamu kama mtu anayetafuta wake katika umati, akasimama, akamtoa mmoja akamsimamisha mezani. Akaruka wanne, akamtoa mwingine. Nimesema wote walikuwa kaki ileile, bunduki mkononi, mkao uleule. Alipomaliza alikuwa amepanga watu mezani mistari mitatu. Nikawahesabu: thelathini. Nikarudia: thelathini. Nikamgeuza wa kwanza. Nukta nyeupe. Wa pili, nukta. Niliwageuza wote, na hakukosea hata mmoja.

"Hawa ni wangu," akasema. "Mimi ni mnyapara wao. Nani kawapa bunduki?"

"Mimi, mzee. Niliona... niliwapandisha cheo."

"Waliomba?"

Nikazitazama zile bunduki za waya. Nywele za mikono zilikuwa zimesimama kwenye joto la Dodoma, na nilikwishajua nazungumza na nani, au tuseme nilijua kwamba sijui. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, ningeweza kukimbia. Lakini kuna hofu ya kukufukuza na kuna hofu ya kukukalisha chini. Hii ilinikalisha.

Akaniambia bila haraka, kama mtu anayekabidhi zamu. Walichukuliwa Kibakwe, mavuno yakiwa shambani. Wengine waliongezwa njiani, watu wa Kondoa. Walikuja hawa, Wajerumani, wakawabebesha, wakaondoka. Wakaja wale, Waingereza, wakawabebesha tena. Wakashuka kusini, wakavuka mto Ruaha, mvua, kuhara, njaa. "Kwenye daftari waliandika mizigo," akasema. "Mizigo thelathini. Majina hakuandika mtu. Ule mzigo ndio ulikuwa ushahidi kwamba chini yake kuna mtu. Wewe umewaondolea."

Aliyekuwa anaanguka, aliniambia, mzigo wake haukuachwa. Mnyapara aliuchukua akauongeza juu ya wake. Mpaka wakaisha wote. Na yeye hawezi kuutua njiani, kwa sababu hajapata wa kumkabidhi watu wake kwa hesabu na kwa jina. Wanaoutua ni wengi, akasema. Wanamtua, wanamtwisha tena, anaendelea.

Nilielewa anachotaka. Na hapo, nisamehe, ndipo tabia yangu iliponishinda. Kesho kuna mchezo! Jeshi la pointi mia nne na hamsini linarudi kuwa mia tatu! Nikaanza kupatana naye. Ndiyo, nilipatana bei na marehemu.

"Mzee, tusiharibu kazi yote. Nikurekebishie ishirini leo. Kumi niwamalizie Jumatatu."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Hao kumi," akauliza, "unataka niwaache wapi?"

Nikautazama mstari wa tatu pale mezani.

"Maana nimewahi kuambiwa hivyo," akasema. "Ng'ambo ya Ruaha. Bwana mkubwa alisema, kumi hawatembei, waache hapa kwenye nyasi, tutawarudia. Nikawaacha. Mizigo yao nikaibeba." Akatazama sanamu. "Anza na hao kumi."

Nilianza na hao kumi.

Nilichukua ule udongo wa kuzibia wa mafundi bodi, unaokandwa kama unga na kukauka kama jiwe. Nikang'oa bunduki ya kwanza, nikafinyanga kifurushi kidogo kama punje ya harage, nikakiweka kichwani. Kisha nikamgeuza, nikachovya brashi yangu nyembamba kuliko zote, nikauliza: "Huyu nani?"

"Chilongani. Alikuwa anajua kuimba, na alikuwa mvivu wa asubuhi."

Nikaandika Chilongani juu ya nukta. Nimeandika majina ya matajiri kwenye malori kwa herufi za futi nzima. Sijawahi kuandika kwa uangalifu kama ule. Akafuata Masima. Nhonya. Madeje mkubwa na Madeje mdogo, ndugu, waliogawana sufuria. Iddi wa Kondoa, aliyekuwa akiswali amesimama kwa sababu akiinama hainuki tena.

Nilipofika wa sita nilisikia kitu kikilia sakafuni, kama kiti cha kamba mtu anaponyanyuka. Nikageuka. Kamba za ule mzigo zilikuwa zimelegea. Kwa wa kumi nikausukuma kidogo kwa mguu, kuhakikisha. Ukasogea!

"Usiupige teke," akasema.

"Samahani, mzee."

Niliendelea. Mafundi walirudi, mashine zikawaka, malori yakapita, na hakuna aliyechungulia. Kila jina nililoandika, yeye alilitamka mara mbili, na mara ya pili ilikuwa polepole zaidi, kama anayefungua mkono. Wa ishirini na saba, wa ishirini na nane. Jua lilikuwa limeingia ndani ya kibanda kwa chini, la njano, nilipomaliza wa thelathini. Nikahesabu. Akahesabu. Nikahesabu tena, na yeye tena. Tulikubaliana.

"Na wewe, mzee? Jina lako?"

"Mimi ni wa kukabidhi," akasema. "Umepokea?"

Unajua, nimesaini risiti nyingi maishani na kila mara nimesoma masharti kwanza. Safari hii sikusoma kitu. "Nimepokea," nikasema. "Watu thelathini."

"Nitwishe."

Niliinama nikiwa nimejiandaa na kiuno. Nusura nianguke kwa nyuma, kwa sababu mikononi mwangu uliinuka mkeka uliokunjwa, mtupu, mwepesi kama kanga iliyokauka kambani. Niliuweka kichwani mwake. Nikaona shingo ikitoka mabegani, ikinyooka pingili kwa pingili, mpaka mtu aliyeingia kwangu akiwa wa kimo changu akalazimika kuinama ili apite mlangoni.  Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na habari nayo.

Nilipotoka nje barabara ilikuwa na vumbi, malori, na mama lishe wa ng'ambo akisugua masufuria.

"Mama, yule mgeni wangu kaelekea wapi?"

"Mgeni yupi? Umekaa humo peke yako tangu mchana unataja majina ya watu," akasema. "Nikadhani umepewa kamati ya harusi."

Jumapili nilifika Kikuyu na askari sitini na wapagazi thelathini. Rehema alichungulia trei ya tatu, akapiga makofi.

"Kamanda Pole! Hili ni jeshi au unahama nyumba?"

Mwalimu naye akacheka, akamchukua mpagazi mmoja ili anitanie vizuri, akamgeuza. Akasoma. Akamchukua mwingine. Kicheko kikaisha. Rehema akatoa lenzi yake ndogo kwenye mkoba, ile anayotazamia vidonda vya watoto, akaisogeza karibu na mzigo.

"Hizi kamba umezichora na nini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Kamba gani?"

Mimi nilikuwa nimeweka vidonge vya udongo, vilaini, visivyo na kitu. Nakuapia. Akanipa lenzi. Kila mzigo ulikuwa umefungwa kamba nyembamba kuliko unywele, zimezama ndani ya udongo uliokauka, na fundo la kila mmoja lilikuwa tofauti na la mwenzake, kama kila mtu alivyofunga lake asubuhi ile kwa mkono wake. Kwa wawili tu mafundo yalifanana. Niliwageuza. Madeje mkubwa na Madeje mdogo.

Hapo ndipo nilipowasimulia, na ndipo Rehema alipotoa kipimajoto.  Mwalimu alivua kofia, akasimama, akasoma majina thelathini kwa sauti aliyokuwa akiitia mahudhurio darasani, akipumzika kidogo baada ya kila jina. Hatukucheza siku ile.

Tangu hapo kanuni za meza yetu zimebadilika. Mpagazi hana pointi, kwa sababu tulishindwa kukubaliana anastahili ngapi, lakini hakuna askari anayesogea hata sentimita bila wapagazi kusogezwa kwanza. Michezo imekuwa mirefu. Napigwa bado, mara saba sasa. Trei ya tatu nailalisha chumbani kwetu, na mke wangu, aliyekuwa akitishia kuvitupa vidoli vyangu, huifuta vumbi mwenyewe. Nikiwa na safari namwachia kwa hesabu, naye hupokea kwa jina.

Sasa nakuonya wewe uliye na jeshi kabatini, la plastiki au la bati, la vita vyovyote. Usiwe na haraka ya wembe. Kabla hujapanga wanaopiga, panga wanaobeba. Majina ukiyajua, yaandike. Usipoyajua, usijaze chini ya kitako kwa rangi na madoido. Acha nafasi ya kutosha jina moja, na brashi iwe safi. Mwenye kuyajua hapigi hodi kwanza.