Uma wa Baiskeli Jikoni

Nimechoka sasa, na mikono hii haishiki tena kama zamani. Lakini jambo moja hakuna wa kuninyang'anya: Kwihara nzima, wakati wa Mwingereza, mwanamume aliyesonga ugali nyumbani kwake bila kuona haya nilikuwa mimi. Shule niliichungulia tu. Akili nilizaliwa nazo.

Mke wangu aliteguka bega, akawa hawezi kusonga. Narudi kutoka kuuza asali mjini, miguu imekufa, naingia jikoni. Sufuria inacheza juu ya mafiga, naizuia kwa mguu, uji unanirukia, naungua. Basi nikafungua uma wa mbele wa baiskeli yangu, nikaupanua kwa nyundo, shina nikalichimbia ukutani, meno yake mawili yakaikumbatia sufuria. Nikasonga kwa mikono miwili, kwa mpini wa jembe niliouchonga bapa. Mjini nikawa naenda kwa miguu, asali kichwani.

Mama mkwe akapata habari. Akapanda treni kutoka Bukene, kuja kumchukua mwanawe. Kwetu mkwe na mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo alikaa uani, kaupa mgongo mlango wa jiko, mimi ndani na moshi. Mke wangu alikaa kizingitini, maneno yanapita kwake.

"Mwulize mumeo, hapo anapika au anatengeneza baiskeli?"

"Mayu, mama yangu, anapika."

"Mwanamume! Funga mzigo, mwanangu, twende kwetu ukale chakula."

Akienda kwao na bega lile, nani angemrudisha? Nikasema kwa sauti ya kufika uani, "Mwambie mama aonje kwanza."

Nikatokea mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye ghala. Mama mkwe akaingia. Kisha nikasikia sufuria ikisukumwa, ikasukumwa tena.

"Mbona haitikisiki?" Akatafuna kidogo. "Ugali una madonge kama kokoto za reli. Lakini hiki chuma, aa!"

Asubuhi alikwenda stesheni. Mwanawe alimwacha kwangu. Uma aliung'oa ukutani, akauviringisha kwenye kanga, akaubeba kichwani. Mimi, kutoka ghalani, nikamwambia aende salama.

Jioni nikarudi kuzuia sufuria kwa mguu. Nikaungua. Mke wangu akacheka, bega likamuuma, akacheka tena.