Betri ya Pili

Baba yangu hakujua kusoma, kwa hiyo barua zote zilizofika chumbani kwetu katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben nilizisoma mimi. Mama alikuwa magharibi mwa nchi, akilima shamba. Barua zake zilikuwa na siku yake: jioni ambayo betri ya televisheni imepelekwa kuchajiwa.

Ilikuwa betri ya gari. Mara moja kwa wiki niliisukuma kwa toroli hadi kwenye kibanda cha kuchajia, na kesho yake nikaifuata. Jioni hiyo moja tuliwasha koroboi, baba akavua viatu vya kiwandani, akaniambia, "Haya mama, nisomee." Nilisoma polepole. Salamu za mama, baba aliniambia nizirudie. Jambo langu lolote nilimwambia baba jioni hizo tu, maana kusema mbele ya watu siwezi.

Jioni nyingine zote chumba kilijaa watu wa kutazama televisheni. Kila jirani alikuja na kigoda chake.

"Wewe binti, inama! Kwani babako ni fundi wa vioo, tutazame kupitia mgongo wako?" alifoka muuza makaa wa mlango wa pili. Wote walicheka, baba pia.

Mwaka niliomaliza darasa la nane, barua ya shule ya upili ilifika siku ya Jumatatu. Niripoti na mzazi kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Niliiweka ndani ya Biblia. Jioni ile picha ya televisheni ilianza kusinyaa pembeni, dalili kwamba betri inaisha, nikafurahi. Kesho betri itakwenda, nami nitasoma.

Jumanne niliipeleka. Baba alirudi kutoka kazini na betri nyingine begani.

"Giza limekwisha!" alisema, akiitua.

"Mzee, wewe ndiye mbunge wetu," muuza makaa akamjibu, tayari ameshika kigoda.

Sikuwahi kumwona baba akishangiliwa na watu. Nilipika ugali, barua ikabaki ndani ya Biblia.

Jumatano nilikaa karibu naye, barua mkononi. Aliiona.

"Ya mama yako?"

"Hapana, baba. Ni ya..."

"Shhh!" wakasema nyuma yetu.

"Tutaisoma betri ikienda," baba alininong'oneza.

Alisahau kwamba sasa zilikuwa mbili. Nilitaka kumkumbusha. Alhamisi nilitaka tena. Ijumaa nilitazama televisheni pamoja nao mpaka mwisho, na sikumbuki nilichokiona.

Jumamosi, nikimnawisha mikono, aliuliza mwenyewe, "Ile karatasi ilikuwa ya nini?"

Nilimsomea mbele ya watu wote. Baba alinyoosha mkono wenye maji, akapunguza sauti ya televisheni.

"Ijumaa ni hii ya jana?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe huna mdomo?"

Kwenye kioo watu waliendelea kusogeza midomo.

"Mzee, sauti basi," mtu akasema. Baba akaiongeza.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, tukaenda shuleni. Nafasi ilikuwa imechukuliwa. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na jioni watu walikuja na vigoda vyao.

Jumanne niliisukuma betri ya kwanza kibandani. Barua ya mama iliyofika wiki ile bado imo ndani ya Biblia, haijafunguliwa. Nadhani anauliza kama nimeanza shule.