Siku Tuliyopeleka Pilau Hospitali

Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu hapa mtaa wa Ng'ambo, na kwa kazi yangu ilinipasa niwe wa kwanza kujua. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na minne, aliniletea gauni lile lile la skuli mara tatu nimpunguzie. Nikapunguza, nikapiga pasi, nikamsifu kwa kutunza nguo. Mama yake ndiye aliyeingiwa na wasiwasi, maana kila tukitandika mkeka mtoto alikuwa na jibu moja: "Nshakula skuli." Siku alipoanguka darasani, mwalimu akatwambia huko skuli haonji hata kipande cha muhogo.

Hospitali wakamlaza siku chache, kisha daktari akatupeleka kwa mshauri, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Nilidhani atamchukua mtoto chumbani, amseme, atoke ana njaa. Wapi! Akatugeukia sisi. Akasema ugonjwa huu wa kujinyima chakula si ukaidi wala si shetani, na si sisi tuliouleta. Lakini dawa yake kubwa ni chakula, na wa kuisimamia ni baba na mama, kila mlo, mpaka mtoto apate nguvu za kujisimamia mwenyewe.

"Wiki ijayo njooni na chakula cha mchana," akasema. "Mle hapa hapa, nikuoneni."

Mke wangu aliposikia "nikuoneni" akajua heshima yake imo mashakani. Akapika pilau ya nyama, samaki wa kukaanga na kachumbari. Tulipopita na sufuria lililofungwa kanga, muuguzi mmoja akauliza nani anaolewa.

Tukakaa. Binti yangu akaitazama sahani kama imejaa misumari. Nami nikaanza hotuba. Nikamweleza shida za utoto wangu, nikamsihi, nikamwahidi simu mpya, nikamtishia kumnyang'anya ya zamani, mwisho nikalia. Mshauri akasubiri nimalize.

"Baba, samahani. Mbona wewe mwenyewe hujala?"

Nikatazama sahani yangu. Sikuwa nimegusa hata punje. Binti yangu akacheka puani, na wallahi ilikuwa miezi sijaisikia sauti ile.

Mshauri akamsogeza mke wangu akae karibu na mtoto, akamfundisha maneno machache: "Najua ni vigumu, mwanangu. Tonge moja zaidi." Kisha kimya. Mimi nikaambiwa nifanye hivyo hivyo, hasa hapo kwenye kimya. Baada ya muda mrefu, pilau imeshapoa, mtoto akala tonge lile.

Nyumbani ilikuwa kazi. Nikawa nafunga duka kila mchana nikakae naye, na bwana harusi mmoja nusura aende msikitini na kanzu isiyo mkono. Kuna siku mtoto alipiga kelele, "Nakuchukieni nyote!" Mshauri alishatwambia hapo ni ugonjwa unaosema. Nikaenda uani, nikaona uchungu vile vile.

Sharti jingine lilikuwa kutozungumzia mwili wa mtu. Sasa mjini kwetu utamsalimia vipi mtu bila kumwambia amekonda au amenenepa? Dada yangu alikuja tuko kwenye chakula, akasimama mlangoni akapiga makofi.

"Mashaallah! Mtu kanona!"

Nikaona mkono wa mtoto umesita juu ya sahani.

"Anamsema mbuzi," nikadakia.

"Mbuzi gani?" dada akauliza.

"Wa jirani."

Dada yangu, anayependa mbuzi kupita kiasi, akatoka kwenda kumtazama. Jirani hakuwahi kufuga hata kuku. Mke wangu akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na mtoto akaendelea kula.

Ilituchukua zaidi ya mwaka, na mara moja katikati tulirudi nyuma hata akalazwa tena. Alipopata nguvu, mshauri akaanza kumrudishia milo yake aisimamie mwenyewe, kidogo kidogo: kwanza wa skuli, halafu wa jioni. Hapo ndipo mazungumzo yao na mshauri yakageukia mitihani, mashoga zake, wasichana wenziwe wa skuli, na baba anayesema sana.

Sasa ana miaka kumi na saba. Zipo siku bado huitazama sahani kwa muda kabla ya kula, nami hukaa naye. Lakini Ijumaa iliyopita niliwakuta yeye na mama yake jikoni wakivutania sufuria, wanagombania ukoko. Alishinda yeye, akaumaliza wote pale pale amesimama.