Sita ya Mama

Enzi zetu pale mtaani Kisugu, ukitaka hadithi iendelee ulirusha dadu, na dadu likiingia chini ya kitanda familia nzima ilisogeza kitanda. Hakukuwa na kubonyeza "rudi nyuma". Ukiliwa na fisi uliliwa kabisa, mpaka kesho baada ya uji wa jioni.

Hadithi yenyewe ilikuwa moja tu. Mimi na dada yangu Aber tuliiandika kwenye daftari la shule lenye jalada lililolowa mafuta ya sumbusa. Baba, askari polisi, alikuwa amepelekwa Moroto, mbali kaskazini, na shujaa wetu alikuwa askari anayetoka Moroto kurudi nyumbani. Chini ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na amri: rusha dadu, mara moja tu kwa jioni. Ukipata moja, ruka hadi ukurasa wa nane, kwa fisi. Mbili, lori limezama matopeni. Tatu, nne na tano zilikuwa na balaa zake. Sita peke yake iliruka hadi ukurasa wa mwisho, ambako mama anasonga posho, yaani ugali, na mlango unagongwa.

Sheria ilikuwa ya Aber. "Asipofika kwenye daftari, baba hafiki." Alikuwa na miaka saba na aliamini. Mimi nilikuwa na tisa, nikajifanya siamini, ila nililipulizia dadu mpaka likalowa mate.

Zikapita wiki mbili bila sita. Aber akakataa kula. Mama akaacha sufuria, akaja na mikono yenye povu.

"Wewe, hutaki posho, baba yako atakuja kukuta mifupa? Leta hiyo dadu."

Akalifunika kwa kikombe cha bati, akatikisa, akakigonga mkekani. Alipokiinua kidogo, kidole gumba kilitangulia kuingia. Sita! Aber akapiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna nyoka. Nilikiona kile kidole. Sikusema. Mwezi uliofuata baba akarudi, amekonda, na Aber akatangaza mtaa mzima kwamba daftari ndilo lililomleta.

Sasa njoo kwa vijana wa leo. Laker, binti wa Aber, amelihamishia daftari letu kwenye simu. Ameandika mistari minne ya skripti, maagizo ambayo simu huyafuata. Inachagua namba yenyewe, kisha inaruka hadi ukurasa wake. Hakuna wa kupuliza, hakuna wa kushtakiwa kwa wizi. Kwenye vikao vyetu vya waandishi mjini jambo hili linaitwa fasihi mpya, na watu wazima hukunja nyuso kwa heshima. Sisi tulilifanya kwa dadu la ludo lililovunjika kona.

Jumapili iliyopita Laker alimpa simu baba yetu, ambaye sasa amestaafu, ajaribu kufika. Fisi. Akaanza tena: lori. Akaanza tena: fisi.

"Laker, hii simu yako inanichukia?"

"Jajja, ni bahati tu. Skripti haina upendeleo," Laker akamwambia babu yake.

"Lakini mimi nilifika! Na miguu yangu hii! Yenyewe inakataa nini?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Mama akachukua simu, akaigeuza, akaitikisa. "Dadu iko wapi?"

"Iko ndani, jajja. Haishikiki," Laker akamjibu bibi yake.

"Basi andika ingine. Mzee akikosa mara tatu, ya nne afike. Ama umesoma bure?"

Laker akanung'unika kwamba huo ni wizi, kisha akaongeza mstari mmoja. Baba akabonyeza, mlango ukagongwa, posho ikawa mezani. "Si nilisema?" akatamba, akaagiza chai.

Aber akaichukua simu, akausoma ule mstari polepole, halafu akainua macho.

"Mama. Na ile siku ya kikombe?"

"Kikombe gani?" akauliza mama, mikono ameificha kwenye mikunjo ya gauni lake la gomesi.

Skripti ya Laker yeyote anaweza kuifungua akaona mahali ilipopindishwa. Zamani wizi wa namna hiyo ulikaa kwa shahidi mmoja, mimi, miaka yote, na dada yangu alikula posho jioni ile, akashiba, akalala.