Orodha ya Waombolezaji

Nyamoita wa Nyaramba, mchuma chai aliyeishia darasa la saba, hakuamini kitu upesi. Binti yake Sheila alipomwonyesha barua pepe ya kazi ya uuguzi ng'ambo, aliisoma neno kwa neno. Walioiandika walitaka picha ya ukurasa wa pasipoti ya Sheila kabla ya jioni.

“Mama, utanichelewesha!”

“Ngoja. Mbona wanakuita Mong'ina?”

Sheila akaisoma tena barua. Hilo lilikuwa jina la bibi yake, na yeye aliitwa hivyo nyumbani tu. Aliliandika mahali pamoja: kitabu cha rambirambi, bibi alipozikwa, kando ya anwani yake ya barua pepe. Kamati ya mazishi iliahidi kuwatumia watu picha.

Walishuka sokoni kwa Firdaus, mwenye duka la kompyuta. Akafungua sehemu ya barua isiyoonekana, inayoonyesha ilikopitia.

“Inajiita hospitali, mama, lakini haikutoka hospitali yoyote. Mtu mwenyewe, polisi ndio wanaweza kumtafuta.” Kisha akaitafuta anwani ya Sheila mtandaoni. Ikatokea orodha nzima ya waombolezaji, majina, simu na anwani, kwenye ukurasa wa mazishi. “Wameiokota hapa. Wana programu za kuzoa anwani kama hizi mchana kutwa.”

Nyamoita alirudi kijijini kwa hatua za haraka. Alimkuta Ombati, shemeji yake na katibu wa kamati aliyeiweka orodha mtandaoni, akikatia ng'ombe majani.

“Nilitaka kuwashukuru watu hadharani, shemeji.”

“Hadharani! Umewamwagia wezi watoto wa watu kama mahindi ya kuku!”

“Sikujua.”

“Katibu mzima, hujui? Futa, nikiona!”

Akafuta. Nyamoita hakuondoka. Majina yalikuwa sitini na matatu, mengi ya vijana wanaotafuta kazi, na kilichokwisha kuokotwa hakirudi kwa kufutwa.

“Leta kitabu. Uwapigie simu mmoja mmoja.”

“Wote?”

“Kuwaandika hukuchoka!”

Wa kwanza alikuwa Jethro wa Kiogoro. Kabla Ombati hajamaliza salamu, Nyamoita alimpokonya simu.

“Jethro, mwanangu, umeletewa barua ya kazi ya ng'ambo?”

“Ndiyo, mama. Picha ya pasipoti niliwatumia jana.”

Nyamoita alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa kwa Ombati.

“Vaa viatu. Tunampitia huyu mtoto, twende polisi. Na wewe ndiye utakayeeleza.”