Urefu Ambao Sikuupima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja huko Nyansurura, mganga mfawidhi hakunionyesha dawa wala sindano. Alinipeleka kwenye mizani iliyoning'inia darini, ile ya kumvalisha mtoto kaptula ya turubai, akasema, "Binti, hapa foleni ndiyo bosi. Pima uzito, weka nukta kwenye kadi, ita mwingine."

Nikalishika hilo. Nukta ikiangukia kijani, mtoto mzima; kijivu, tunamwonya mama; nyekundu, hospitali. Ubao wa kupimia urefu tulikuwa nao, umeegemea nyuma ya mlango, tukautundikia makoti. Kumlaza mtoto pale kunataka watu wawili na subira, na mimi subira sikujaliwa. Mume wangu ni shahidi.

Zaidi ya miaka ishirini ilipita hivyo, ndipo akaja Mama Ghati, mkulima wa hapo hapo, na Ghati wake wa mwaka na nusu. Nukta ilikuwa ya kijani, ingawa chini kabisa. Mama hakuinuka.

"Nesi, huyu hakui. Gauni la Krismasi linamtosha mpaka leo, na mavuno yamepita."

"Kadi inasema yuko sawa, mama. Na nyie kwenu si warefu."

Akacheka kidogo, akaondoka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi mwenye cheti nikamkatalia mzazi. Hata kumwuliza kama bado ananyonyesha sikumwuliza.

Baadaye nilihamishiwa Nyarero. Muuguzi mkuu wa wilaya alikuja kukagua, akatulazimisha kupima urefu wa kila mtoto. "Udumavu unajificha kwenye mizani," alisema. "Miaka miwili ya kwanza ikipita, kilichopotea hakirudi chote."

Nilimkumbuka Mama Ghati palepale, nikaona aibu. Lakini sikurudi. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Nilikwenda kwao baada ya kustaafu. Ghati alinipa shikamoo. Nikamdhania wa darasa la tatu, kumbe yuko la saba, tena amerudia mara mbili. Nikamweleza mama yake yote, naye akisikiliza huku akichambua maharage. Akaniambia alimwachisha ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine. Watu walisema maziwa ya mjamzito yanamdhuru mtoto. Ghati akawa anashindia uji mwepesi wa muhogo.

"Sasa ningempa nini?" akauliza.

"Ungeendelea kumnyonyesha. Na uji mzito, wenye dagaa, au yai kila siku."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kuku nilikuwa nao, nesi," akasema.